Kuchimba Dawa

Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida, inajulikana kwa dhahabu. Ndiyo waliyoitumia Wajerumani kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916. Lakini upo uchimbaji mwingine usiohitaji sururu: basi la safari ndefu likisimama njiani, abiria huingia vichakani "kuchimba dawa", yaani kwenda haja. Msemo unajieleza: mizizi ya tiba huchimbwa porini, basi aelekeaye huko haulizwi afuatacho. Hata "haja", kwa asili yake ya Kiarabu, ni hitaji tu. Zamani niliukata msemo huu kwa wino mwekundu katika insha ya mwanafunzi, nikiuita wa mitaani. Nilikosea. Ni tasfida kamili: humsitiri mkwe mbele ya mkwewe.