Manowari Iliyopakwa Grisi



Jeshi la anga la Uingereza lina kikosi kilichoundwa mwaka 1957 ili kuzitunza ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Spitfire na nyinginezo, zisiishie makumbusho bali ziendelee kuruka. Kwetu Mwanza jambo hili laweza kuonekana la ajabu. Wazee wetu wakisikia habari za ndege ya vita hukumbuka Machi 1979, pale ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ilipokusudia kuupiga mji huu, mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Ni nani atakayetaka kuitunza silaha ya namna hiyo?

Swali ni la haki. Hata hivyo nchi yetu nayo imeitunza silaha moja kwa zaidi ya miaka mia, nayo si ndege bali ni meli. Wengi mnaifahamu kwa jina la MV Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Wachache wanajua kwamba ilianza kazi ikiwa manowari.

Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati kuelekea Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliisimamia kazi ya kuiunganisha upya pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika ambao historia haikujali kuandika majina yao. Iliteremshwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, ikafungwa mizinga. Ilipewa jina la Graf von Götzen. Huyo ndiye aliyekuwa gavana wakati wa Maji Maji, ambapo mashamba na maghala ya kusini yalichomwa moto na watu wakafa kwa njaa kuliko waliokufa kwa risasi. Nasema wazi: jina hilo lilikuwa aibu juu ya chuma kizuri.

Katikati ya mwaka 1916 ndege za Wabelgiji, za aina itokayo na kutua majini, ziliishambulia bandari ya Kigoma. Wakati huo mzinga mkubwa wa meli ulikuwa umekwisha kuondolewa ili ukatumike nchi kavu, na mahali pake ukawekwa wa mti, wa kuwatishia maadui tu. Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haishikiki, Kapteni Gustav Zimmer aliamuru meli izamishwe.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulitafakari. Mafundi walitii amri, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nyingi, kila kiungo, wakaijaza meli mchanga, wakaiteremsha taratibu chini ya maji. Hiyo ilikuwa tarehe 26 Julai 1916. Pengine walitumaini kwamba taifa lao lingerudi kuichukua. Halikurudi. Lakini grisi haikuuliza ni nani atakayerudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakazikuta injini na boila bado zafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini, nalo jina la gavana likaondolewa. Ikaitwa Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1970 ilitolewa injini za mvuke, ikapewa za dizeli, na katika miaka ya 1990 ikakarabatiwa tena.

Tazameni basi kazi iliyofanya. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha kwao Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mei 2015, Warundi makumi ya maelfu walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kipindupindu kikiwaua, Liemba ilikwenda na kurudi ikiwachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Nadhani hata yeye hakuwazia manowari ya Kaisari ikiwabeba watoto wa Burundi.

Wapo wasemao kwamba chombo kikongwe hivi kingewekwa nchi kavu kitazamwe na watalii. Mimi siafiki. Meli isiyokwenda hushikwa na kutu mapema, na pia kumbukumbu isiyotumika huoza vivyo hivyo. Liemba ilisimamisha safari mwishoni mwa miaka ya 2010, na Serikali ikaamua kuifanyia ukarabati mkubwa ili irudi majini. Ni gharama, ndiyo. Sisi tulioiona MV Victoria ikisimama mwaka 2014 na kurudi kazini mwaka 2020, tukapanda tena kwenda Bukoba, twajua inamaanisha nini.

Liko bado deni moja. Vita ile iliua wapagazi makumi ya maelfu, Wasukuma na Wanyamwezi wengi wakiwemo, walioshurutishwa kubeba mizigo ya pande zote. Mwezi Novemba, tunapowaombea Marehemu wetu, wenye kumbukumbu ya babu aliyechukuliwa asirudi waandike jina lake na kulileta ofisini, litasomwa katika Misa.