Maji ya Ngarambe na Misheni za Kusini

Ngarambe ni kijiji kilicho kusini ya mto Rufiji, pembezoni mwa pori kubwa lililojulikana kwa jina la Selous, ambalo sehemu yake tangu mwaka 2019 imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na msafiri atokaye Kibiti kwenda pande hizo hupita misikiti mingi na makanisa machache, kwa kuwa watu wa Rufiji aghalabu ni Waislamu. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba tarikhi ya Ukatoliki wa kusini mwa Tanzania haiandikiki barabara bila ya kutaja kijiji hiki, huenda akadhani anafanyiwa mzaha, walakini habari zenyewe zitashuhudia.

Katika mwaka 1904 aliishi hapo mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Riwaya za wazee, zilizokusanywa katika miaka ya 1960 kwa juhudi ya Gilbert Gwassa, John Iliffe na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zasimulia kwamba siku moja alitwaliwa na pepo, akajiburura kwa tumbo mpaka kwenye dimbwi, akazama huku jamaa zake wakimng'ang'ania na wasimweze, na siku ya pili akatoka majini nguo zake zikiwa kavu, akawa anasema mambo ya ghaibu kwa ulimi wa pepo aitwaye Hongo. Wasimulizi wengi hukimbilia risasi za Wajerumani zilizoahidiwa kugeuka maji, kwa sababu hapo ndipo penye ajabu na penye msiba. Bali mimi naona yaliyotangulia vita hivyo vya Maji Maji yana uzito kuliko hayo. Palijengwa Ngarambe nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-Nungu, yaani nyumba ya Mungu, na watu wa Umatumbi, Wakichi, Wangindo na wengineo wakawa wanakwenda huko makundi kwa makundi kama wahujaji, wakiwa na tamaa ya kukutana na wazee wao waliokufa. Dawa waliyopewa ilitengenezwa kwa maji, mahindi na mtama, vitu visivyokosekana katika nyumba ya mkulima yeyote. Wakanywa, wakanyunyiziwa, wakafundishwa gwaride lililoitwa likinda, wakaambiwa kwamba tofauti zao za kabila si kitu, maana wote ni watu wa Seyyid Said. Watu waliokuwa wakitozwa kodi na kusukumwa kila mwaka kwenye mashamba ya pamba ya serikali, kila mmoja chini ya jumbe wake na akida wake, kwa mara ya kwanza walipata imani iliyowakusanya wasiofahamiana.

Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, na vita vikaanza bila ya kungoja idhini ya Kinjikitile. Yeye mwenyewe alikwisha kamatwa, akanyongwa na Wajerumani hapo Muhoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya moto kuwashwa. Lakini maji yake yalikuwa yamekwisha safiri mbali kuliko mauti yake.

Siku kumi baadaye yalikutana na Kanisa. Cassian Spiss, mtawa wa shirika la Wabenediktini wa St. Ottilien, mzaliwa wa Tirol, mwanzilishi wa misheni ya Peramiho katika mwaka 1898 na kisha askofu mwenye kiti chake Dar es Salaam, alikuwa akitoka Kilwa kwa miguu kwenda Peramiho, akifuatana na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu, karibu na Liwale, wote watano waliuawa kwa mikuki. Kabla ya mwezi huo kwisha misheni za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa, na mnamo Septemba Peramiho ikateketezwa kwa moto. Kwa watawa hao haukuwa msiba wa kwanza, maana Januari 1889, wakiwa na mwaka mmoja tu nchini, misheni yao ya Pugu ilivamiwa wakati wa vita vya pwani na wenzao watatu wakauawa.

Katika vitabu vya misheni habari hii kwa muda mrefu iliandikwa kama mapambano ya mashahidi wa dini na ushenzi, na sina haja ya kuwavunjia heshima waliouawa, hasa wale masista wawili ambao hawakuwa na bunduki wala amri juu ya mtu. Lakini insafu yataka isemwe pia kwamba kule Ungoni Padre Franziskus Leuthner alikuwa amechoma kibanda cha mahoka cha mtawala wa Wangoni, Nkosi Mputa, mahali pa kutambikia wazee wa ukoo, na kwamba vita vilipofika padre huyo aliuawa. Mtu aliyeunguziwa mahali pake pa ibada hahitaji kufundishwa na mganga wa Rufiji namna ya kuchukia. Na macho yake yalipoona misheni na boma vikijengwa na watu wa rangi moja na lugha moja, hayakuwa na sababu ya kuvitenganisha.

Yanayonishughulisha zaidi ni yaliyopita Songea mwezi Februari 1906, Wangoni walipokwisha shindwa na wakuu wao kutiwa gerezani wakingoja kamba. Padre Johannes Häfliger, wa misheni ya Kigonsera, aliingia kwa wafungwa hao, akawafundisha kwa haraka, akawabatiza wengi wao; baadhi walikataa. Tarehe 27 Februari wakanyongwa. Watu waliokwisha nyunyiziwa maji ya Ngarambe ili wasife, walimiminiwa maji ya ubatizo kwa kuwa watakufa kesho. Kama walikubali kwa imani, au kwa hofu, au kwa kutaka neno la upole kutoka kwa mtu wa mwisho aliyewajia bila ya bunduki, siri hiyo aijua Mola wao. Serikali iliyowanyonga ilichoma na mashamba na maghala, ikaleta njaa iliyoua kuliko bunduki: hesabu ya Kijerumani ilisema watu 75,000, na Gwassa baadaye akakadiria kuwa walipita 250,000.

Katika nchi hiyo iliyofagiliwa ndimo dini mbili za Kitabu zilimokua kwa kasi, Uislamu kwa njia ya walimu wa pwani na Ukristo kwa njia ya misheni. Wabenediktini walifungua Ndanda mwaka 1906, wakajenga shule na hospitali. Na katika shule hiyo alisoma mtoto wa Lupaso aliyeitwa Benjamin Mkapa, aliyepitia pia Pugu, akawa Rais wa Tanzania, na ambaye jina lake limepewa daraja la Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003. Leo mtu akitoka Ikwiriri kwenda Muhoro, aliponyongewa Kinjikitile, hana budi kupita juu ya daraja la mwanafunzi huyo wa Ndanda.

Aliyetangulia kuzipatanisha habari hizi hadharani alikuwa Mkatoliki mwingine, Julius Nyerere, mwalimu wa zamani wa Pugu, aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 akaeleza kwamba wapiganaji wa Maji Maji waliongozwa na kutokuikubali haki ya mgeni ya kuwatawala. Jimbo la Musoma lilianzisha mwaka 2005 shauri la kumtangaza yeye mwenyeheri, na fauka ya hayo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Serikali iliyorithi boma imekwisha nena. Kwa hiyo nawasihi maaskofu na mapadri wa majimbo ya kusini, wanapoadhimisha kifo cha Spiss na wenzake kila Agosti, waombe pia kwa ajili ya aliyenyongwa Muhoro siku kumi kabla yao, na wawatume vijana wao Ngarambe kusikiliza wazee na kuandika, maadamu wazee hao wangalipo.