Kuvu na fangasi

Katika duka la dawa mjini Musoma, ukitaja fangasi utaulizwa ni ya miguu au ya kichwa, kisha utapewa dawa ya kupaka. Ni matumizi halali. Lakini waandishi tunapoliweka neno hilo mahali pa kuvu, tunapunja: kuvu ni himaya nzima ya viumbe, uyoga na hamira zikiwamo. Fangasi libaki jina la maradhi.

Tofauti hii ina uzito tunapoandika kuhusu saratani, kwani kuvu huweza kutoa dawa, si maradhi tu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliripoti kuvu iliyoishi ndani ya mti na kutengeneza taksoli, dawa ya saratani, ila kwa kiasi kidogo mno. Tena, kuvu moja ikibadilishiwa sukari, naitrojeni, joto, hewa au mwanga, hubadili kemikali inazotoa. Mara nyingi naitrojeni ikijaa, kuvu hukua tu na kupunguza au kuacha kutoa kemikali za namna hiyo. Kwa hiyo uyoga wa kula uliooteshwa kwenye mabaki ya pamba ya Bunda usidhaniwe kuwa sawa kikemia na uliooteshwa kwenye mabua ya mahindi kule Butiama. Na wote ni chakula, si dawa. Mgonjwa wa saratani asiache matibabu ya hospitali kwa ajili ya uyoga.