Kesi Kutajwa Siyo Kesi Kusikilizwa

Ndugu msikilizaji, katika habari za mahakamani ipo sentensi moja ambayo sisi watangazaji tumeisoma mara nyingi hata imekuwa kama kiitikio. Husema kwamba mshitakiwa wa mauaji alifikishwa mbele ya hakimu, hakutakiwa kujibu lolote, upelelezi haujakamilika, na kesi imeahirishwa hadi tarehe fulani itakapotajwa tena. Leo nataka tuifungue sentensi hiyo neno kwa neno. Ndani yake imo historia ya sheria zetu, na imo pia miezi, pengine miaka, ya maisha ya mtu ambaye hajahukumiwa.

Tuanzie Dindira, kata iliyo milimani wilayani Korogwe, penye mashamba ya chai. Mtu wa huko akishitakiwa kwa kosa zito hushushwa hadi Korogwe mjini, kwenye mahakama ya wilaya. Ndugu zake huuza kuku au hukopa nauli, wakapanda gari alfajiri pamoja na mashahidi wa kueleza kwamba siku ya tukio mtu wao alikuwa nyumbani. Wakifika, jina linaitwa, hakimu anataja tarehe nyingine, basi. Wanapanda mlima wakinung'unika kwamba hakimu amekataa kuwasikiliza. Hakimu hakukataa. Siku hiyo haikuwa ya kusikiliza.

Katika Usambara ya Wakilindi, ambayo makao yake yalikuwa Vugha, shauri lilizungumzwa mbele ya mtawala na wazee kwa lugha ambayo kila aliyekuwapo aliielewa. Waingereza walipoitawala Tanganyika walileta utaratibu mwingine. Mwaka 1920 walizitumia hapa sheria walizokuwa wamezitunga kwa ajili ya India. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu, na baadaye Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Mashauri madogo ya Waafrika yaliachiwa mabaraza ya wenyeji, lakini mauaji hayakuguswa huko. Hivyo mtu wa mlimani alikuta mahakama za namna mbili: moja ya lugha yake, na nyingine ambayo kila kitu kiliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo huo, tukapata Mahakama ya Mwanzo inayotumia Kiswahili. Juu yake Kiingereza kiliendelea kuandikwa, na maneno tunayoyasikia leo mengi ni tafsiri za maneno ya Kiingereza.

Neno la kwanza ni kutajwa. Kesi ikitajwa, maana yake mahakama inaulizia imefikia wapi. Hakuna shahidi anayeitwa. Kwa mtu aliye mahabusu jambo hili hufanyika kila baada ya siku zipatazo 14. Na hapa, ndugu msikilizaji, tusilidharau neno hili. Lilikusudiwa kuwa ngao ya mshitakiwa, ili mtu asitupwe rumande akasahaulika, bali arudishwe mara kwa mara mbele ya hakimu aonekane yu hai na aseme kama ana malalamiko. Ubaya umeingia pale ngao hiyo ilipogeuka kuwa mazoea: tarehe inafuata tarehe, na jibu ni lile lile, upelelezi haujakamilika.

La pili ni hilo la kutotakiwa kujibu. Wengi hudhani mshitakiwa amenyimwa haki ya kujitetea, au kwamba kukaa kimya ni kukubali. Sivyo. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ya wilaya humpokea tu mshitakiwa, na upelelezi ukikamilika humsomea maelezo ya mashahidi na kumpeleka Mahakama Kuu. Kwa hiyo hakimu hawezi kumuuliza kama ni kweli au si kweli, kwa sababu hana mamlaka ya kupokea jibu.

La tatu ni usikilizwaji wa awali, na hili ndilo lenye mtego. Liliwekwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 192, kwa nia ya kuharakisha kesi. Pande mbili hukaa mbele ya mahakama na kutenga mambo yasiyobishaniwa. Kama hakuna anayebisha kwamba marehemu alikufa kwa jeraha la panga, ya nini kumsafirisha daktari kutoka mbali aje kulisema? Ubishi ubaki kwenye swali la nani alishika panga. Utaratibu ni mzuri, lakini jambo lililokubaliwa siku hiyo na kutiwa saini huhesabiwa kuwa limekwisha kuthibitishwa. Anayeitikia ndiyo, ndiyo, ili mambo yaishe arudi nyumbani, huenda anaitikia asichokielewa.

La nne ni dhamana. Kunyimwa dhamana si kupatikana na hatia, na kupewa dhamana si kushinda kesi. Sheria ile ya 1985 ilitaja makosa ambayo mahakama haiwezi kuyatolea dhamana hata ikipenda. Baada ya haki za binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, jambo hilo lilipingwa. Katika shauri la Daudi Pete, aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu kilichomzuia kilikwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikakubaliana naye kwamba kifungu hicho ni batili. Hata hivyo orodha ya makosa yasiyo na dhamana haikufutika. Ilipopingwa tena, Mahakama ya Rufani iliamua mwezi Agosti 2020 kwamba ibaki. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha yamo.

La tano ni kuachiwa. Mkurugenzi wa Mashitaka akisema hana nia ya kuendelea na shauri, mshitakiwa huachiwa, na ndugu hupiga vigelegele. Lakini kuachiwa huko si sawa na kuonekana hana hatia baada ya ushahidi kusikilizwa. Sheria haizuii akamatwe tena kwa jambo lile lile ushahidi ukipatikana, na wako waliokamatwa kabla hawajavuka geti la mahakama.

Mabadiliko yapo, na ni haki kuyataja. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili, ukiacha makosa mazito, mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Na tangu mwaka 2000 Katiba yenyewe, ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi.

Lakini sheria nzuri haimfai asiyejua siku gani aitumie. Kuandika kwa Kiswahili peke yake hakutoshi kama kutajwa na kusikilizwa vinaendelea kuchukuliwa kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujakopa nauli ya mashahidi, muulize karani wa mahakama: tarehe hiyo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Siku ya usikilizwaji wa awali, omba usomewe kila jambo taratibu, na usilolielewa usilitie saini. Ndugu yako akiachiwa, uliza ameachiwa kwa njia gani. Karani hutoza ada kwa mambo mengi, lakini maswali haya hayana ada.