Motokaa za Kale na Mifano Yake



Habari nitakazowaeleza leo ni za motokaa za kale, na za mifano midogo ya motokaa hizo ambayo watu wa Marekani na Uingereza huiunga kwa mikono yao, kipande kwa kipande, mezani nyumbani kwao. Huenda mtu akauliza, Je, mchezo wa watoto una historia gani hata usimuliwe mbele ya watu wazima? Namwomba asubiri kidogo. Ndani ya mchezo huu mna habari kubwa ya kazi ya mikono: jinsi kazi hiyo ilivyokatwa vipande katika viwanda, na jinsi watu walivyotafuta njia ya kuiunganisha tena.

Tuanze na zamani za magari ya farasi. Wakati ule gari liliundwa katika karakana ndogo. Mhunzi alifua vyuma, seremala alichonga mbao, mwingine alishona ngozi za viti, na mwingine alipaka rangi, tabaka juu ya tabaka. Walisaidiana, lakini kila mmoja aliliona gari likikua mbele ya macho yake, tangu ubao wa kwanza hata rangi ya mwisho. Motokaa za kwanza nazo zilitengenezwa vivyo hivyo. Bwana Karl Benz, Mjerumani, alipoandikisha motokaa yake ya magurudumu 3 katika mwaka 1886, ilikuwa kazi ya mafundi wachache. Kwa sababu hiyo motokaa zilikuwa haba, na bei yake haikuwezekana ila kwa matajiri.

Mwaka 1908 Bwana Henry Ford wa Marekani alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T, kwa bei ya dola 850. Miaka mitano baadaye, mwaka 1913, aligeuza kabisa desturi ya kazi katika kiwanda chake cha Highland Park, Michigan. Tangu hapo mafundi hawakuiendea motokaa, bali motokaa iliwaendea wao. Ilivutwa polepole mbele yao, na kila mtu alisimama mahali pake akitenda tendo moja tu: huyu aliingiza parafujo, yule alitia nati, wa tatu aliikaza. Kwanza kuunga kiunzi cha motokaa moja kulichukua saa 12 na nusu. Kwa njia hii mpya kulichukua dakika 93 tu. Bei ikashuka mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ya 1920 ikafika dola 260. Model T ilipokoma kutengenezwa katika mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha tolewa zaidi ya milioni 15.

Faida yake ilikuwa kubwa, wala si haki kuidharau. Mkulima aliyekuwa hajapata kwenda mbali na shamba lake sasa aliweza kufika mjini na kurudi kwa siku moja. Lakini hasara nayo ilikuwapo. Mtu aliyekaza nati ileile tangu asubuhi hata jioni hakuweza kusema, Motokaa ile nimeiunda mimi. Wafanya kazi wengi walichoka wakaenda zao, na katika Januari 1914 Bwana Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, kwa masharti yake, ili wakae. Ujira ule uliwaweka kiwandani, lakini haukuwarudishia ufundi. Wazee wetu walisema, Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walisema kweli. Lakini kidole kinachotenda tendo moja siku zote husahau kwamba ni sehemu ya mkono.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika Norwalk, mji wa Ohio, palikuwa na jamaa ya akina Fisher, ambao wazee wao walikuwa wahunzi na waundaji wa magari ya farasi. Wawili wao, Fred na Charles, walianzisha kampuni mjini Detroit mwaka 1908, ya kuunda bodi za motokaa. Kampuni ilistawi sana, hata mwaka 1926 ikawa mali ya General Motors yote pia. Na katika mwaka 1930 kampuni hiyo, iliyokuwa na viwanda vikubwa kabisa, ilianzisha shindano la vijana lililoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Vijana waliambiwa watengeneze nini? Si motokaa, bali mfano mdogo wa gari la farasi la kifalme, la namna ya zamani za Napoleon, ambalo lilikuwa alama ya kampuni.

Hawakupewa vipande vilivyo tayari. Walipewa michoro na vipimo, na kila kijana alichonga mbao mwenyewe, akafua madini, akashona vitambaa, akapaka rangi. Milango ilipasa kufunguka na kufungwa kama ya gari la kweli. Walioshinda walipewa fedha za kusomea chuo kikuu. Baadaye, tangu mwaka 1937, vijana waliweza pia kubuni motokaa za mawazo yao wenyewe na kutengeneza mifano yake. Mmoja wa walioshinda, mwaka 1947, alikuwa Bwana Chuck Jordan. Naye miaka mingi baadaye alipata kuwa mkuu wa wabunifu wote wa General Motors. Shindano lile lilikoma mwaka 1968. Lilikuwa na kasoro moja kubwa: wasichana hawakuruhusiwa kushindana, kana kwamba mkono wa msichana haujui kupima wala kuchonga. Lakini funzo lake ni dhahiri. Mabwana wa viwanda walijua kwamba kiwanda hakizai fundi. Walipotaka mafundi, iliwabidi wawarudishe vijana kwenye kazi nzima, ile ambayo mtu mmoja huianza na kuimaliza.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Tangu Februari 1942 hata mwaka 1945 viwanda vya Marekani havikuunda motokaa za raia, kwa maana vilitumiwa kuunda vifaa vya vita. Chuma kilitakiwa sana, na motokaa nyingi kuukuu zilizokuwa zimelala mabandani zilikusanywa zikayeyushwa. Vita ilipokwisha, watu waliangaza huku na huku, wakaona kwamba motokaa za ujana wa baba zao zilikuwa karibu kutoweka.

Hapo ndipo mifano ya motokaa za kale ilipoanza kupendwa na watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Hudson Miniatures, katika mji wa Scranton, Pennsylvania, iliuza masanduku yenye vipande vya mbao vya kuunga motokaa za kale. Mwaka 1951 kampuni ya Revell, ya California, ilitoa masanduku yake yaliyoitwa Highway Pioneers, na vipande vyake vilikuwa vya plastiki. Ndani yake zilikuwamo Ford Model T, na Maxwell, na motokaa ya Stanley iliyokwenda kwa mvuke. Kila inchi 32 za motokaa ya kweli zilikuwa inchi 1 katika mfano.

Vipande hivyo hutengenezwa hivi. Kwanza fundi huchonga kalibu ya chuma cha pua, kwa vipimo vya motokaa yenyewe. Kisha plastiki huyeyushwa kwa moto na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, nayo hupoa na kuganda mara moja. Vipande hutoka vimeshikana kwenye vijiti vyembamba, kama ndizi katika mkungu wake. Mnunuzi huvikata kimoja kimoja, huvisugua, huvigandisha kwa gundi, na kuvipaka rangi.

Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Michigan ilitoa masanduku ya namna nyingine. Katika sanduku moja mlikuwa na vipande vya kuunga motokaa kwa namna tatu: kama ilivyotoka kiwandani, au iliyopambwa kwa mapenzi ya mwenyewe, au ya mashindano ya mbio. Mwaka uliofuata ilitoa mfano wa Ford ya mwaka 1932. Motokaa hiyo ilichaguliwa kwa sababu. Katika mwaka huo wa 1932 Ford alianza kuuza kwa bei nafuu motokaa yenye injini ya silinda 8, na zilipochakaa vijana walizinunua kwa fedha kidogo, wakazifungua, wakazigeuza ziende mbio zaidi. Kijana asiyeweza kununua ile kubwa aliweza kujifunza kwa ile ndogo.

Wakati huohuo watu wazima walikuwa wakiziokoa motokaa zenyewe. Uingereza walitangulia. Huko, kwa sheria ya mwaka 1865, gari lililokwenda kwa mtambo lilitanguliwa na mtu aendaye kwa miguu akishika bendera nyekundu, wala lisizidi maili 4 kwa saa. Sheria ilipolegezwa, tarehe 14 Novemba 1896, wenye motokaa walisafiri kwa furaha toka London mpaka Brighton. Mwaka 1927 safari hiyo ilirudiwa kwa ukumbusho, na mwaka 1930 ikaundwa Veteran Car Club ya kutunza motokaa za kale. Hata leo safari hiyo hufanywa kila mwaka katika Novemba, isipokuwa miaka michache iliyozuiliwa, na motokaa zinazopokelewa ni zilizoundwa kabla ya mwaka 1905. Marekani nako chama cha namna hiyo, Antique Automobile Club of America, kiliundwa mwaka 1935.

Basi fikirini kazi ya mtu anayefufua motokaa ya namna hii. Kifaa chake kikivunjika hakuna duka la kukinunua, sharti akifue. Ubao umeoza, sharti auchonge. Ngozi ya kiti imechanika, sharti aishone. Yambidi kuwa mhunzi na seremala na mshonaji na mpaka rangi. Motokaa iliyoundwa na watu mia, kila mtu tendo lake, yafufuliwa na mtu mmoja ajuaye matendo yote. Na mtoto mwenye sanduku la plastiki hufanya hivyohivyo kwa kadiri ya umri wake. Ijapokuwa hakuchonga vipande, ajua injini hukaa wapi, ekseli hushikwa na nini, na kwa nini kiunzi hutangulia bodi.

Wako wasemao kwamba upenzi huu hudanganya. Husema kwamba motokaa iliyong'arishwa, ikiwa kubwa au ndogo, huonyesha uzuri wa zamani na kuficha jasho la wale waliokaza nati katika Highland Park. Maneno yao yana haki. Lakini dawa yake si kuitupa motokaa ile. Dawa ni kuifungua na kuitazama ndani. Anayeitazama kwa mbali huona rangi tu. Anayeiunga kwa mikono yake hukutana na kila nati, na kwa kila nati aweza kumkumbuka mtu aliyesimama pale akiikaza, siku kwa siku.

Nasi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki tusidhani habari hii haituhusu. Tazameni watoto wetu. Ni nani aliyewafundisha kupinda waya wakafanya gari lenye usukani mrefu, ambalo magurudumu yake hugeuka kushoto na kulia? Hawakupewa sanduku wala michoro. Walilitazama lori likipita, wakaenda wakafikiri, kisha wakaunda. Kazi hiyo ni nzima tangu mwanzo hata mwisho, tena hata vipande wamevitafuta wenyewe. Mzazi au mwalimu anayelikanyaga gari hilo kwa kuwa ni takataka, amevunja karakana ndogo.

Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Kitu kipya kitakuja, nasi tutakitumia kwa furaha. Lakini mashine ya mvunaji, cherehani ya mama, baiskeli ya babu iliyolala darini, kila kimoja ni kitabu cha mikono iliyokiunda. Kabla hamjakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mpeni mtoto bisibisi, kaeni naye, mkifungue pamoja, na mumwulize kila kipande kina kazi gani. Kisha mwambieni akiunge tena.