Kipochi cha Mkandani cha Vifaa vya Dharura

Kipochi cha mkandani ni mfuko mdogo unaovaliwa kiunoni, wenye vitu vichache vya kumwokoa mtu aliyepotea, aliyeumia au aliyekutwa na usiku porini. Thamani yake inatokana kwanza na mahali kinapokaa. Mkoba wa mgongoni huvuliwa wakati wa kupumzika, huzama mtumbwi unapopinduka, au huachwa ndani ya gari lililokwama topeni mwenyewe anapopanda kilima kutafuta mtandao. Kilichopitishwa kwenye mkanda hubaki na mtu mpaka avue suruali.

Ni chombo cha kale sana. Mnamo Septemba 1991, wapanda milima wawili kutoka Ujerumani waliokuwa wakipita milima ya Ötztal, mpakani mwa Austria na Italia, waliona maiti imechomoza kwenye barafu, mita 3,210 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa ya mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ambaye baadaye alipewa jina la Ötzi. Alikuwa na mkanda wa ngozi ya ndama ulioshonewa kipochi, na mdomo wa kipochi ulifungwa kwa ugwe wa ngozi. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya gumegume, cha kukwangulia, cha kutobolea na kingine chembamba cha kukatia, pamoja na msharasi wa mfupa na donge jeusi la uyoga unaoota kwenye vigogo vya miti. Uyoga huo ulikuwa na chembe za pairiti, madini yanayotoa cheche yakigongwa na gumegume; ukifikichwa vizuri hudaka cheche na kufukuta kwa muda mrefu. Shoka lake la shaba, upinde na kisu vilikaa nje ya kipochi. Ndani aliweka vya kukatia, vya kutengenezea kilichoharibika na vya kuwashia moto, mpango ambao hadi leo haujapata mshindani.

Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki walifikia jambo hilohilo bila kushona kitu. Ncha ya kikoi ilikunjwa kiunoni ikawa kibindo, na humo mkatiwa fedha au tumbaku. Wanaosema hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi, wanaieleza kazi ya kipochi kwa ufupi kuliko vitabu vingi vya jeshi.

Hata hivyo, jeshi ndilo lililoipa fani hii sura yake ya sasa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, idara ya siri ya Uingereza iitwayo MI9 ilitafuta namna ya kuwawezesha marubani walioangushwa katika nchi za adui kurudi kwao. Mtaalamu wake wa vifaa, Christopher Clayton Hutton, alianza na kopo bapa la sigara, akalijaza vidonge vya maziwa, vidonge vya kusafishia maji, kiberiti, dira na mfuko wa mpira wa kutekea maji. Miaka mingi baadaye, John Wiseman, mkufunzi wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, alitoa kitabu chake cha kujiokoa porini mwaka 1986 na kukieneza duniani kote kikopo cha tumbaku kilichojazwa vifaa vya dharura. Wasomaji wengi waliishia kwenye kikopo, wakausahau ukurasa wa pili wa somo lake: alitaka pia kipochi cha mkandani, chenye nafasi ya sufuria ndogo ya askari na mfuko wa kujifunika usiku. Kikopo hukaa mfukoni na kubeba vidogo, lakini hakiwezi kuchemsha kikombe cha chai wala kuzuia mvua.

Katika kuchagua, ukubwa ndio unaowaponza wengi. Kipochi kikubwa hujazwa kwa sababu tu kina nafasi, kikawa kizito, na kizito huachwa kambini. Kikishajaa, kisizidi kilo moja, na mtu aweze kuinama, kuketi garini na kupanda mwamba bila kukisogeza.

Kitambaa cha kawaida ni nailoni nzito, ambayo unene wa uzi wake hupimwa kwa denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nailoni ya denia 500 inatosha matembezi. Ya 1,000 huvumilia miiba na mawe lakini huongeza uzito. Turubai halipigi kelele likikwaruza majani, ila likiloa huchelewa kukauka. Ngozi hupendeza na hudumu ikipakwa mafuta, ingawa katika misitu yenye unyevunyevu huota ukungu ndani ya wiki chache. Kushona ni muhimu kuliko kitambaa: pale kitanzi cha mkanda kinapokutana na mfuko pawe na mishono ya kurudiarudia, kwa kuwa ndipo panapoanza kuachia.

Kuhusu kifungo, velkro iliyotokana na ubunifu wa Mswisi George de Mestral hufunguka upesi kwa mkono mmoja, lakini ikijaa matope na nyuzi za majani hukataa kushika. Zipu hulinda vizuri, ila mchanga wa pwani huiua. Kifuniko kirefu chenye bizimu ya plastiki ndicho salama zaidi kwa safari ndefu, kwa sababu hata bizimu ikivunjika kifuniko chenyewe huzuia vitu visimwagike.

Kuna namna tatu za kukishikiza. Klipu ya chuma ni rahisi kuivaa na rahisi kuipoteza. Mtu akipita kichakani inaweza kung'oka asitambue. Vitanzi viwili vilivyoshonwa, vinavyobana mkanda wa upana wa milimita 38 hadi 50, ni bora. Namna ya tatu ni ya vipande vya utepe vinavyosukwa, iliyoletwa na jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la MOLLE: mistari ya utepe wa milimita 25 hushonewa kila baada ya milimita 38, na kipochi husukwa humo hadi kikaganda. Ni imara, ingawa mwenye mkanda wa kawaida haihitaji. Mahali pake kiunoni ni mbele kidogo ya nyonga, upande wa mkono usiotumika sana. Nyuma kabisa, juu ya uti wa mgongo, ni mahali pabaya: mtu akianguka chali atalalia chuma, na mkanda wa mkoba wa mgongoni utakigandamiza.

Kilimanjaro hufundisha cha kutia ndani. Mgeni anapopanda, mzigo wake mkubwa hubebwa na wapagazi, waitwao wagumu, nao hutangulia kwa mwendo wao kwenda kusimamisha mahema. Mgeni akiteguka kifundo cha mguu mchana, mvua ikinyesha, nguo zake nzito ziko mbele saa kadhaa. Kinachomtishia saa ile ni baridi, wala si njaa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mikono hutetemeka isiweze kufunga hata kamba, na akili huanza kuamua ovyo. Ndiyo maana kinachostahili nafasi kubwa kipochini ni blanketi la dharura la plastiki yenye rangi ya fedha, lililotokana na utafiti wa mwaka 1964 wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Lenye umbo la gunia linazidi shuka, maana upepo hupeperusha shuka na kulichana. Nalo halizuii baridi ya ardhini. Aliyejifunika lazima akalie mkoba, kamba au majani.

Baada ya kujifunika huja moto. Kiberiti cha gesi ndicho chepesi kutumia, lakini butani iliyomo hukataa kugeuka gesi joto likikaribia nyuzi 0, na kwenye kambi za juu za Kilimanjaro usiku hufika huko. Kikae mfuko wa shati, karibu na mwili. Msaidizi wake ni kijiti cha ferosiriamu, aloi aliyoibuni Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Kikikwanguliwa kwa chuma hutoa cheche za nyuzi 3,000 hivi hata baada ya kuloa. Pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, ikikunjwa ndani ya kopo dogo la filamu au la dawa, hudaka cheche hizo na kuwaka kwa dakika kadhaa.

Vidonge vya maji vinahitaji uangalifu dukani. Vile vya klorini vya miligramu 67 vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani vimepimwa kwa ndoo ya lita 20. Anayekitia kwenye chupa ya lita moja atakunywa dawa kuliko maji. Vipo vya miligramu 8.5 kwa lita moja, na huachwa vifanye kazi kwa nusu saa. Mwenye kikombe cha chuma na moto anaweza kuchemsha: dakika moja ya kutokota inatosha, na dakika tatu kuanzia mita 2,000 kwenda juu.

Filimbi ya plastiki ni nyepesi kuliko funguo za nyumba, na husikika mtu akiwa ameshakauka koo. Utaratibu wa milimani, uliopendekezwa na Mwingereza Clinton Dent mwaka 1894, ni ishara sita kwa dakika, kisha dakika moja ya kimya. Anayejibu hupiga tatu. Kisu kidogo, taa ya kichwani, bandeji, sindano kubwa na mita chache za kamba ya parashuti, ile inayostahimili kilo 250 hivi, hukamilisha mzigo. Ndoano na waya wa mitego vilimfaa askari aliyejificha wiki nzima. Mpanda mlima anayetafutwa na wenzake angeweka mahali pake betri ya akiba ya taa.

Kupanga hufuata haraka ya kuhitajika. Filimbi hufungwa kwa uzi nje ya kipochi, blanketi na taa huwa juu, dawa na sindano chini. Jaribio zuri ni kukifungua kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa na glavu mkononi; kitu kinachodondoka kifungiwe uzi. Kuzuia maji kwa mifuko ya plastiki kumekuwa kwa shida katika ukanda huu tangu Rwanda ilipoipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, hivyo chupa ndogo zenye vifuniko vya kuzungusha hufaa badala yake. Anayesafiri kwa ndege huweka kisu kwenye mzigo wa chini, na kiberiti cha gesi hununua anakofika.