Makumbusho ya Vita Yahame na Majina
Mwaka 1975 makao makuu ya Malawi yalihama Zomba kwenda Lilongwe; mnara wa askari wa King's African Rifles ulibaki Zomba. Serikali yoyote inayogharimia kuhamisha makumbusho ya kijeshi yapaswa kuuliza kwanza: kinachohama ni nini?

Mwezi Agosti 1914, katika Ziwa Nyasa, meli ya Waingereza Gwendolen iliipiga mizinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa ufukoni inatengenezwa. Jina la nahodha Rhoades lingalipo. Wapagazi wa tenga-tenga, waliobeba risasi na chakula cha askari, wengi walikufa bila kaburi lenye jina.

Mzinga ulioachwa nyuma hufuatwa. Daftari likipotea halirudi. Hapana budi fedha zianzie kwenye daftari, ili askari wa leo ajue kwamba jina lake halitaachwa njiani.